Waridi la harufu huchaguliwa kwa pua

Wengi huniuliza natia mbolea gani mpaka mawaridi yangu yananukia hadi getini. Jibu langu huwakatisha tamaa: mbolea ya harufu haipo. Harufu iko kwenye mbegu. Waridi lisilonukia kwa asili yake, hata ulimwagie samadi ya zizi zima, litabaki la kutazamwa tu.

Kwa hiyo kazi kubwa ni wakati wa kununua. Huku Arusha tuna mashamba ya maua ya kusafirisha nje, na watu wanapenda kuchomoa kikonyo kwenye shada la harusi wakakichomeke nyuma ya nyumba. Kinaweza kushika vizuri tu. Lakini maua yale yamezalishwa yavumilie safari ya ndege na yakae siku nyingi kwenye chombo. Harufu wazalishaji waliiacha njiani.

Tafuta haibridi tii za bustani, yale mawaridi ya tumba refu lenye ncha na ua moja kubwa juu ya kikonyo. La kwanza la jamii hii, kwa hesabu ya wengi, ni La France la mwaka 1867, nalo lilinukia. Siku hizi ningekwambia uanze na Mister Lincoln, jekundu la kukolea, au Fragrant Cloud lenye rangi ya matumbawe. Moyo wangu lakini uko kwa Double Delight. Linafunguka jeupe la maziwa, kisha wekundu unaanzia ukingoni na kutambaa ndani kadiri petali zinavyopigwa na jua, kiasi kwamba hupati maua mawili yanayofanana.

Majina ya vitaluni usiyaamini sana, vibao huhamahama. Nenda asubuhi, saa mbili au tatu, unuse ua lililofunguka nusu. Tumba bado limejifungia, na lililochanua kabisa limeshamaliza. Ukienda saa saba mchana, jua limeshapeperusha mafuta yanayobeba harufu, utaona miche yote ni sawa.

Kupanda hakuna maajabu: mahali penye jua la saa sita kwa siku, shimo la sentimita 50 kwenda chini na upana uleule, samadi iliyooza kabisa. Mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya shina la waridi jingine, acha lile fundo la maungio juu kidogo ya udongo. Mbolea ya chumvichumvi, ile ya kukuzia, nenda nayo taratibu. Ukizidisha utapata majani mengi na machipukizi laini, na vidukari watakuja kula pilau.

Adui mkubwa ni masika. Ugonjwa wa madoa meusi ya majani unahitaji jani libaki na maji kwa muda wa saa saba hivi ndipo ushike, na mwezi wa nne majani yetu hushinda yameloa. Mvua huizuii, ila nafasi unaweza kuacha: karibu mita moja kati ya mche na mche, upepo upite. Kiangazi mwagilia shinani, tena asubuhi. Majani yaliyoanguka okota yote, usiyatie kwenye mboji. Mche uliopukutika majani hata maua yake huwa ya kusitasita.

Kupogoa ndiko kunakochanganya watu, kwa sababu maelekezo mengi yameandikwa kwa nchi zenye majira ya baridi kali. Kwetu waridi halilali, inabidi ulilaze wewe. Mimi hupogoa masika yakiisha, mwezi wa sita. Nabakiza matawi manne au matano yenye nguvu, kimo cha goti, na kila mkato juu ya jicho, pale chipukizi linapotokea, linalotazama nje. Maua hurudi baada ya wiki 6 hadi 8, baridi ya Meru ikizidi yanachelewa. Maotea yanayotoka chini ya maungio ni ya shina mama, lile la chini lililobebeshwa, wala si ya waridi ulilonunua. Yavute mpaka yang'oke, maana ukiyakata kwa mkasi yanarudi mawili.

Ya kuweka ndani, kata asubuhi yakiwa nusu wazi. Mche wa mwaka wa kwanza ukate kikonyo kifupi tu, maana mche bado unayahitaji majani yale.