Muulize Rubani: Mbona ndege inatembea chini muda wote huo?

Mwezi huu maswali karibu yote yamekuja kuhusu ranwei, ile njia ya kurukia na kutua, pamoja na viungio, yaani barabara ambazo ndege inapita kutoka maegesho kwenda ranwei. Nimefurahi sana maana watu wengi huwa wananiuliza mambo ya angani tu, wakati chini ndo kuna kazi.

SWALI: Kapteni shikamoo. Nilienda kumtembelea dada yangu Uholanzi, tukatua Amsterdam salama, abiria wakaanza kuwasha simu, lakini ndege ikatembea weee, dirishani naona mashamba tu, mara magari yanapita chini yetu kwa spidi! Nikashika mkono wa jirani yangu. Pale tulikuwa wapi? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

JIBU: Marahaba dada yangu. Mlitua Polderbaan, ranwei ya sita ya Schiphol, kiwanja cha Amsterdam, ina urefu wa mita 3,800 na ilianza kutumika 2003. Waliijenga mbali makusudi ili kelele zisiwaangukie watu majumbani, kwa hiyo kutoka pale mpaka jengo la abiria unaweza kutembea robo saa na zaidi. Yale magari yako kwenye barabara kuu ya A5, kiungio kinapita juu yake kwa daraja. Iko mbali mpaka ina mnara wake wenyewe wa kuongozea ndege. Na inatumika upande mmoja tu, ndege zinatua zikitokea kaskazini na zinaruka kuelekea kaskazini, basi.

Sasa kelele nazo zina mambo yake. Ndege zikianza kuruka, ule mngurumo mzito ulikuwa unatambaa chini chini mpaka majumbani upande wa kusini, halafu watu wakagundua mashamba yakishalimwa mngurumo unapungua, ndipo wakatengeneza bustani nzima ya matuta, yako pale tangu 2013. Mimi nimekulia kwenye matuta ya viazi vitamu, kila nikiyaona roho yangu inafurahi. Na siku nyingine kwenye safari ndefu hiyo ya chini ukisikia injini moja imezimwa usiogope, tunaokoa mafuta.

SWALI: Mimi niko Goma. Naonaga ndege inaingia kwenye piste, hiyo ranwei, inaenda mpaka mwisho, alafu inageuka ndo inaruka. Kwa nini isiingilie kule kule mwisho? (Msomaji, Goma)

JIBU: Kwa sababu hakuna kiungio cha kuifikisha huko mwisho, ndugu yangu, kwa hiyo ranwei yenyewe inakuwa ndo barabara. Viwanja vingi vya Afrika Mashariki viko hivyo. Na nyie wa Goma mna historia nzito zaidi, maana Januari 2002 volkano yenu ya Nyiragongo ilipolipuka lava ilishuka ikafunika upande wa kaskazini wa ranwei, ikabaki kama theluthi mbili tu ya kutumia. Rubani uliyezoea kiwanja kwa kichwa unarudi unakuta mwisho wa ranwei ni ukuta wa mawe meusi, inabidi upige upya hesabu zote za uzito na breki.

Kule kugeuka kwenyewe si mchezo. Kwenye ndege kubwa gurudumu la mbele liko nyuma ya kiti changu, kwa hiyo ili ligeukie kwenye lami inabidi mimi nipitilize, nikichungulia chini naona majani, lami imeisha, na mkono bado unasubiri kukata kona. Mara ya kwanza mwalimu wangu alikuwa anasema "bado, bado, bado" mpaka jasho likanitoka.

SWALI: Kapteni, nasomea urubani hapa Nairobi. Wenzangu wanabishana kiwanja gani kinatisha zaidi, Lukla au Gibraltar. Wewe unasemaje? (Mwanafunzi)

JIBU: Lukla kule Nepal ranwei ina mita 527 na ni mlima kabisa, mteremko karibu asilimia 12, unatua ukipanda na unaruka ukishuka, na mbele yako ni jabali. Gibraltar, kule kusini mwa Hispania, barabara kuu ya mji inakatiza katikati ya ranwei, magari walikuja kuyachimbia njia ya chini 2023, ila wa miguu bado wanavuka. Lakini sikiliza mdogo wangu, kule kila rubani anaingia macho yamemtoka. Mimi naogopa zaidi kiwanja tambarare chenye makutano yasiyoeleweka.

Tenerife, kisiwa cha Hispania, 27 Machi 1977. Viungio vilikuwa vimejaa ndege zilizoelekezwa pale baada ya bomu kulipuka kiwanja cha Las Palmas, kwa hiyo jumbo mbili, yaani Boeing 747, ya shirika la KLM na ya Pan Am, zikatembea juu ya ranwei yenyewe, ndani ya ukungu. Pan Am waliambiwa watoke njia ya tatu. Chukua karatasi uichore ile njia ya tatu: ni kona ya nyuzi 148, yaani jumbo irudi karibu kule ilikotoka, halafu ipige kona nyingine kama hiyo hiyo. Ya nne ilikuwa mchepuko mwepesi tu. Wakaipita ya tatu, wakawa bado wako kwenye ranwei wakati KLM inaanza kukimbia bila ruhusa. Zikagongana, watu 583 walikufa. Mimi ule mchoro nikiutazama mpaka leo nasema hata mimi ningeipita ile kona.

Na Lexington kule Marekani, 27 Agosti 2006 alfajiri giza bado, kiungio kimoja kilikuwa kinakupeleka kwanza kwenye mdomo wa ranwei 26 ndo ufike 22. Marubani wakaingia 26, ilikuwa na kama mita 1,070, wakati waliyoruhusiwa ilikuwa na 2,100 na kitu. Mmoja wao alishangaa mbona hakuna taa. Ranwei ikawaishia, ndege ikaanguka, kati ya watu 50 alipona mmoja.

Kwa hiyo zile namba zilizopakwa kwenye lami zisome kweli. Ni dira ukiondoa sifuri ya mwisho, hapo kwenu JKIA, kiwanja cha Jomo Kenyatta, ukikaa kwenye 06 dira yako inatakiwa isome karibu nyuzi 60. Mimi nikishanyoosha pua, kabla sijasukuma injini, naweka kidole kwenye dira, naitamka namba kwa sauti na rubani msaidizi anaitamka na yeye. Tukitofautiana hatuendi popote. Anza kufanya hivyo sasa hivi na hiyo ndege yako ya viti viwili.