Kabla hujauza wimbo, msome kijana wa Croydon

Wimbo wangu niliuuza shilingi laki moja na nusu. Nataja bei waziwazi kwa sababu sisi walimu wa kwaya tunaona haya kuzungumza pesa, na haya hiyo imetuponza wengi. Ilikuwa mwaka 2008. Studio moja ilisikia kwaya yetu kwenye harusi, wakaniita ofisini, nikatia saini karatasi ya nusu ukurasa nikiwa nimesimama. Sikuisoma. Pesa nikanunua bati za jiko na mchele, nikarudi nyumbani natembea kama mtu aliyeokota.

Miaka miwili baadaye nikiwa kwenye basi la Dodoma, dereva akaweka kwaya. Wimbo wangu huo. Kondakta alikuwa anaitikia sauti ya nne, tena bila kukosea, abiria wa nyuma wanapiga makofi. Kwanza nilifurahi. Tulipofika Gairo nikaanza kupiga hesabu, na furaha ikaisha.

Aliyenifumbua macho hakuwa mwanasheria. Alikuwa mtunzi wa London aliyekufa mwaka 1912, na nilimkuta kwenye kabati la nota kanisani. Kabati letu ni la enzi za wamisheni Waanglikana: panya, vumbi, na vitabu ambavyo hakuna anayejua nani alivileta. Kimojawapo kilikuwa kimeandikwa kwa solfa, ile ile d, r, m tunayoifundisha, juu yake jina Samuel Coleridge-Taylor, na kichwa Hiawatha's Wedding Feast. Karamu ya harusi! Nikadhani ni wimbo wa ndoa, nikakichukua nione kama tunaweza kuutumia. Hatukuweza, ni mrefu mno kwa kwaya yetu, lakini nilitaka kumjua mwenyewe.

Coleridge-Taylor alizaliwa London mwaka 1875. Mama yake alikuwa Mwingereza. Baba yake alikuwa daktari kutoka Sierra Leone, akarudi Afrika Magharibi, na mtoto akalelewa upande wa mama huko Croydon. Alianza na fidla. Akiwa na miaka 15 akaingia Royal College of Music, ambako baadaye alisomea utunzi kwa Charles Villiers Stanford. Tarehe 11 Novemba 1898 chuo kikaimba hiyo Karamu ya Hiawatha kwa mara ya kwanza, Stanford mwenyewe akiongoza. Arthur Sullivan, mtunzi mashuhuri wa opera nyepesi (opera ni mchezo wa jukwaani unaoimbwa), alikuwa mgonjwa, na bado alikwenda kusikiliza. Kijana alikuwa na miaka 23.

Kazi ile aliwauzia wachapishaji Novello kwa gini 15. Gini moja ilikuwa shilingi 21 za Kiingereza, kwa hiyo jumla ni pauni 15 na shilingi 15. Moja kwa moja, haki zote, hakuna mrabaha, yaani fungu la mtunzi kazi yake inapoendelea kuuzwa.

Wimbo ukaenea kama moto wa nyika. Ilikuwa ni zama ambazo kila mji wa Uingereza una chama chake cha kwaya, wafanyakazi wa viwandani wanasoma solfa kama wanavyosoma gazeti, na kila mwimbaji ananunua nakala yake. Maelfu kwa maelfu ya nakala, na mtunzi hapati hata senti. Yeye akaendelea kufundisha, kuongoza okestra, kuwa mwamuzi wa mashindano ya kwaya, na kutunga usiku. Alikwenda Marekani mara tatu, mwaka 1904 akapokelewa Ikulu na Rais Theodore Roosevelt. Heshima alikuwa nayo tele. Siku moja mwaka 1912 akaanguka kwenye stesheni ya West Croydon, na tarehe 1 Septemba akafa kwa nimonia. Miaka 37, mke na watoto wawili. Mtoto wa kiume alikuwa amempa jina la Hiawatha.

Mfalme George wa Tano akampangia mjane pensheni ya pauni 100 kwa mwaka. Wanamuziki wenzake waliona aibu: mtu ambaye nyimbo zake nchi nzima inaziimba, familia yake inaishi kwa hisani. Kisa chake kilitajwa sana watunzi walipokuwa wakidai walipwe kazi zao zinapoimbwa hadharani, na mwaka 1914 kikaundwa Performing Right Society, chama cha kukusanya malipo hayo. Na Hiawatha? Kuanzia mwaka 1924 hadi Vita Kuu ya Pili ilipokaribia, ilikuwa inaigizwa pale Royal Albert Hall kwa mavazi na mandhari kama opera, ukumbi umefurika. Mwenyewe aliandika pia opera halisi, Thelma. Haikuwahi kuchezwa akiwa hai. Ilipanda jukwaani Croydon mwaka 2012, miaka 100 baada ya kifo chake.

Sasa nisieleweke vibaya. Watu wakisikia kisa hiki huwarukia wachapishaji, wanasema kijana aliibiwa. Mimi siamini hivyo. Kuuza moja kwa moja ndiyo ilikuwa desturi, na mchapishaji anayetoa pesa kwa kijana wa miaka 23 anacheza kamari. Hata yule wa studio yangu sikumlaani. Tatizo liko kwenye maneno mawili, "zote" na "daima". Mtu anayetaka wimbo wako arekodi, muuzie haki ya kurekodi. Anayetaka kuuchapa kwenye kitabu cha nyimbo, mpe hiyo ya kuchapa, na iwe na mwaka wa mwisho. Kama karatasi ina neno "zote", uliza zote zipi, na umsubiri ajibu. Halafu sajili kazi yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ukiwa bado nayo mkononi. Ukienda baada ya kuisikia kwenye basi umechelewa, nakwambia mimi niliyechelewa.

Kuanzia hapo nikashikwa na ugonjwa wa kusoma maisha ya watunzi wa mstari wa pili. Wale wakubwa, kina Mozart na Beethoven, hadithi zao zimepakwa mafuta hadi zinateleza. Ukisoma habari zao unaambiwa vipaji na majonzi. Ukisoma hawa wengine unakutana na kodi ya nyumba, barua za kuomba kazi, mishahara. Yaani unakutana na sisi.

Kwa walimu wa kike, ninayempendekeza kabla ya wote ni Louise Farrenc. Alizaliwa Paris mwaka 1804, na mwaka 1842 akateuliwa profesa wa piano kwenye Conservatoire, chuo cha muziki cha hapo Paris, kazi aliyoifanya kwa miaka 30. Alifundisha wanafunzi wa kike tu, kama taratibu zilivyotaka, na alilipwa chini ya maprofesa wanaume. Paris ya siku zile bila opera hukuhesabiwa mtunzi, na yeye opera hakupata. Aliandika simfoni tatu, yaani kazi ndefu za okestra, ambazo hazikuchapwa akiwa hai. Kisha mwaka 1850 kikachezwa kipande chake cha ala tisa, ambamo fidla ilipigwa na Joseph Joachim, kijana wa miaka 18 aliyekuwa tayari gumzo. Watu walikipenda mno.

Angalieni alichofanya hapo. Hakukaa kupokea pongezi. Alimwandikia mkurugenzi, Auber, akadai alipwe sawa na wanaume, na mwaka huohuo akalipwa. Alikuwa amefundisha pale miaka minane. Bila shaka haki yake ilikuwa ileile mwaka wa kwanza kama mwaka wa nane, lakini alipoandika barua mji mzima ulikuwa unamsifu, na kumkatalia kungekuwa fedheha. Sisi hufanya kinyume. Kwaya ikishinda mashindano ya dayosisi tunakula pilau, tunapiga picha, tunanyamaza. Miezi sita baadaye, kinanda kimeharibika na watu wamesahau, ndiyo tunaandika barua ya kuomba posho. Dada mmoja anayefundisha kwaya jirani nilimsimulia habari za Farrenc. Wiki ya Pasaka, kanisa likiwa bado linazungumzia uimbaji wao, akapeleka barua kwa wazee. Amepewa nauli ya kila mwezi. Si nyingi, ila kabla yake hapakuwa na kitu.

Juu ya kuhifadhi nakala sitasema mengi, someni tu habari za Juan Crisóstomo de Arriaga wa Bilbao. Alizaliwa tarehe 27 Januari 1806, siku ileile aliyozaliwa Mozart miaka 50 nyuma, na akafia Paris siku kumi kabla ya kutimiza miaka 20. Akiwa bado mvulana aliandika opera nzima, Los esclavos felices, yaani watumwa wenye furaha. Leo imebaki dibaji yake na vipande vipande. Lakini kwarteti zake tatu, vipande vya wapigaji wanne, zilichapwa Paris mwaka 1824, na hizo zinapigwa mpaka leo, zote kamili. Nyimbo zako ziko kwenye daftari moja lililoliwa na mchwa, au kwenye simu yenye kioo kilichopasuka? Basi.

Kuna na Otto Nicolai, ambaye hana uhusiano wowote na mikataba lakini siwezi kumwacha. Mjerumani huyu alikuwa Milano akapewa maneno ya opera iitwayo Nabucco. Akayakataa. Yakapewa Giuseppe Verdi, kijana aliyekuwa amekata tamaa, na mwaka 1842 yakamfanya Verdi awe Verdi. Nicolai alichukua maneno mengine, yale ambayo yalikusudiwa kwa Verdi, na opera yake ikaanguka vibaya. Hakufa kwa hasira hizo, tena mwaka huo 1842 alianzisha Vienna tamasha ambazo ndizo chanzo cha okestra ya Vienna Philharmonic. Opera yake nzuri kuliko zote, ile ya kuchekesha ya wake wa Windsor, ilichezwa Berlin Machi 1849. Mei akafa, na miaka 39 hajaifikisha. Kila mzee wa kanisa anaponiletea mashairi yake yenye vina vya ajabu namkumbuka Nicolai, nayasoma yote hadi mwisho kabla ya kukataa.

Mashairi hayo ndiyo yamenileta kwenye jambo nililokuwa nalikwepa.

Pietro Mascagni alikuwa mtoto wa mwoka mikate wa Livorno, akaacha chuo cha muziki cha Milano, akazurura na vikundi vya maigizo ya kuimba hadi akatua Cerignola, mji mdogo wa kusini, kufundisha bendi. Mchapishaji Sonzogno akatangaza shindano la opera ya tendo moja. Inasimuliwa kwamba Mascagni alisitasita na mkewe Lina ndiye aliyeipeleka posta. Ikashinda, na tarehe 17 Mei 1890 Cavalleria rusticana ikachezwa Roma. Asubuhi alikuwa mtu maarufu. Mwisho mwema, nilifikiri. Kumbe hadithi ile ilikuwa ya Giovanni Verga, mwandishi wa Sisilia, na Verga alitaka fungu lake. Wakaenda mahakamani. Mwaka 1893 wakamlipa lire 143,000.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Maana wimbo wangu ule wa basi la Dodoma, ubeti wa pili haukuwa wangu. Uliandikwa na mama mmoja mtu mzima wa kanisani kwetu, nyuma ya bahasha ya sadaka, akanipa baada ya ibada akasema, "Mwalimu, angalia kama itakufaa." Ilinifaa. Ndio ubeti kondakta alioupenda zaidi. Laki moja na nusu ile sikumgawia hata mia, wala jina lake sikuliandika popote. Miaka yote hiyo nimelia studio imenidhulumu.

Nilimwendea Jumamosi moja na elfu hamsini na kilo mbili za sukari. Nikamweleza yote, hadi habari za Verga na mahakama ya Waitaliano, nadhani niliongea sana. Alinisikiliza hadi mwisho, akaichukua sukari, pesa akaihesabu mara mbili. Kisha akaniuliza kama kwenye daftari langu, pale juu ya wimbo, pana nafasi ya kuandika majina mawili. Nikamwambia ipo. Akaniambia nilete daftari aone nikiandika.