Maswali ya Wasomaji: Kuvuka Uingereza na watoto, kutoka kusini hadi Uskoti

Shule zinakaribia kufungwa, na barua nyingi tulizopokea zinahusu safari ileile: kutoka miji ya kusini na katikati ya Uingereza kwenda Uskoti, na watoto ndani. Zilizofanana tumeziunganisha.

Tuna watoto wanne, wa miaka 11, 8, 5 na 2. Agosti tunataka kwenda Inverness kwa gari letu. Ramani ya simu inasema ni mwendo wa saa kumi. Nikitoka alfajiri si nitafika jioni hiyohiyo? Mke wangu hakubali. (Baba wa wanne, Reading)

Mkeo ana haki. Njia hiyo ni ya maili zipatazo 560, na saa kumi za ramani ni za gari lisilosimama popote. Highway Code, kitabu cha kanuni za barabarani, kinamshauri dereva apumzike angalau dakika 15 kila baada ya saa mbili. Kwa watoto wanne dakika 15 hazitoshi. Kuwafungua, kuwapeleka chooni, kubadilisha nepi, kununua chai na kuwafunga mikanda upya huchukua dakika 35 hadi 40. Vituo vinne au vitano vya namna hiyo ni kama saa tatu. Weka na foleni ya barabara kuu ya M6, safari itachukua saa 13 au 14.

Kibaya zaidi ni mahali saa za mwisho zitakapokukuta. Zitakukuta kwenye A9, kati ya Perth na Inverness. Barabara hiyo hubadilika kila baada ya maili kadhaa: hapa mna njia mbili kila upande, mbele kidogo mnapishana na magari uso kwa uso. Dereva aliyechoka husahau yuko kwenye sehemu ipi, akatoka kulipita lori. Ndiyo maana tunakuomba usiifanye kwa siku moja.

Gawanya safari Penrith, mji ulio karibu katikati kabisa. Toka Reading saa 11 alfajiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa, watoto wakiwa na nguo zao za kulalia. Pita A34, M40 na M42, kisha ingia M6 Toll, barabara ya kulipia inayozunguka Birmingham. Saa 1 asubuhi mtakuwa Norton Canes, kituo pekee cha mapumziko kwenye barabara hiyo. Hapo watoto wavae na wale. Simameni tena Charnock Richard kwenye M6, kisha Tebay kwa chakula cha mchana. Tebay pana bwawa la bata, na mtoto wa miaka miwili akitembezwa hapo nusu saa atalala hadi Penrith. Hoteli nyingi hazifungui vyumba kabla ya saa 8 au 9 mchana, kwa hiyo nendeni kwanza Pooley Bridge, ufukweni mwa ziwa Ullswater, maili sita tu kutoka mjini.

Siku ya pili simameni Abington kwenye M74, kisha Stirling. Jazeni mafuta Perth. Pitlochry pana bwawa la umeme lenye ngazi ya maji inayotumiwa na samaki aina ya salmoni kupanda mto. Watoto wapumzike hapo kabla ya kipande cha mwisho. Kuanzia Dunblane hadi Inverness kamera hupima mwendo wa wastani, kwa hiyo kupunguza mwendo mbele ya kamera moja na kukanyaga mafuta ukishaipita hakukusaidii.

Kuhusu malazi: chumba cha familia cha hoteli za bei nafuu kwa kawaida ni cha watu wazima wawili na watoto wawili. Ninyi ni sita, kwa hiyo mtalipia vyumba viwili. Tazameni kwanza hosteli za YHA kwa upande wa England, na Hostelling Scotland kwa upande wa Uskoti. Nyingi zina vyumba vya faragha vyenye vitanda vya ghorofa, na jiko mnaloruhusiwa kupika wenyewe.

Dada yangu anakuja kutoka Mombasa na watoto watatu wa miaka 7, 4 na 1. Mimi nina wawili, wa miaka 10 na 6. Tunataka kukodi gari la viti saba twende Wales na Uskoti. Je, watoto wote wanahitaji viti vyao? (Mama Leicester)

Wote. Sheria inamtaka mtoto akae kwenye kiti cha watoto hadi atimize miaka 12 au urefu wa sentimita 135, lolote litakalotangulia. Huyo wa miaka 10 mpime ukutani. Akiwa amevuka 135, mkanda wa kawaida unamtosha. Wa mwaka mmoja atazame nyuma: kwenye viti vinavyochaguliwa kwa urefu, yaani i-Size, hairuhusiwi kumgeuza mbele kabla ya miezi 15. Na asiwekwe kamwe akitazama nyuma kwenye kiti cha mbele chenye eabegi inayofanya kazi. Eabegi ikifumka hukipiga kiti chake kwa nguvu za kumuua.

Dada akija na viti vyake, akague kibandiko. Lazima kiwe na herufi E ndani ya duara na namba R44 au R129. Kisicho na hicho hakikubaliki kisheria hapa, hata kama ni kizima na cha bei. Kampuni za kukodisha nazo hutoza kila kiti kwa siku, na kwa safari ya wiki mbili mara nyingi ni nafuu kununua.

Sasa tatizo ambalo wengi hulikuta wakiwa tayari wameegesha kwenye ofisi ya kukodi. Gari la viti saba likijaa watu saba, buti lake hubaki nafasi ya mabegi mawili madogo. Ninyi watu wazima wawili na watoto watano mmejaza viti vyote, na kigari cha mtoto hakijaingia bado. Ulizeni gari la viti tisa, au fungeni sanduku la juu ya paa. Ulizeni pia kama viti vya safu ya tatu vina ISOFIX, zile ndoano za chuma za kufungia kiti cha mtoto, kwa sababu mara nyingi havina. Huko nyuma wapande wakubwa wanaotumia mkanda.

Dada mwenye leseni ya Kenya anaruhusiwa kuendesha gari dogo kwa miezi 12 tangu aingie nchini. Wales mkumbuke kwamba tangu Septemba 2023 mwendo wa barabara nyingi za makazi ni maili 20 kwa saa, na si 30 kama England.

Mama mkwe ana miguu mibaya na gari hawezi. Tunataka kwenda Edinburgh kwa treni kutoka London: mimi, mume wangu, yeye, na watoto wa miaka 9, 6 na 3. Bei zinatutisha. (Msomaji, Barking)

Nunueni Family & Friends Railcard, kadi ya kupunguziwa nauli ya treni. Bei yake ni pauni 35 kwa mwaka, na inabeba hadi watu wazima wanne na watoto wanne. Watu wazima hupunguziwa theluthi moja ya nauli, na watoto wa miaka 5 hadi 15 hupunguziwa asilimia 60 ya nauli ya mtoto, ambayo tayari ni nusu. Chukua mfano wa tiketi ya pauni 60 kwa mtu mzima na 30 kwa mtoto. Bila kadi, watu wazima watatu na watoto wawili mnalipa pauni 240. Mkiwa nayo, mnalipa 120 kwa wakubwa na 24 kwa watoto, jumla 144. Kadi imejilipa kabla hamjarudi. Mwenye kadi lazima awemo safarini pamoja na mtoto angalau mmoja mwenye tiketi, na asubuhi za siku za kazi kuna saa ambazo haitumiki ndani ya London na kusini mashariki.

Mtoto wa miaka 3 anasafiri bure, lakini hana haki ya kiti. Kwa saa nne na nusu za kumpakata, sisi tungemnunulia tiketi ya mtoto. Kwa kadi ni pauni chache. Ombeni viti vya mezani, upande wa kulia mnapokwenda kaskazini: karibu na Berwick reli inapita kando ya bahari, na hapo watoto huwa wameshachoka na kila kitu kingine.

Tiketi za Advance, ambazo ndizo rahisi, kwa kawaida hutolewa wiki 8 hadi 12 kabla ya safari na ni za treni ile moja tu. Mkichelewa nyumbani, imepotea. Lakini reli yenyewe ikiwachelewesha, mna haki ya fidia ya Delay Repay. Ombeni ndani ya siku 28 na msizitupe tiketi.

Mama mkwe aombewe Passenger Assist, huduma ya bure. Atapokewa stesheni, apelekwe hadi kwenye behewa na kuwekewa daraja la kupandia. Huombwa hadi saa mbili kabla ya kuondoka, ila msisubiri hadi hapo. Kwenye stesheni ya King's Cross, mnakoondokea, namba ya jukwaa hutangazwa dakika chache kabla ya treni kuondoka, umati hukimbia, na mzee hawezi kukimbia.

Msiende Agosti kama mnaweza kuepuka. Ni mwezi wa tamasha la sanaa la Edinburgh, na bei za hoteli hupanda sana.

Naweza kubeba pilau la njiani? Na mwanangu wa miaka 5 hutapika kila tukizidi saa moja. (Mama Zuhura, Milton Keynes)

Pilau ndicho chakula tunachokuomba ukiache, au ukibebe kwa masharti. Mchele hubeba mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambazo hazifi kwa kupikwa. Wali ukikaa vuguvugu, huamka na kutoa sumu, na kuupasha tena hakuiondoi. Kwa hiyo uwe wa moto kabisa, zaidi ya nyuzi 63, ndani ya hotpoti uliyoipasha kwa maji yanayochemka, na uliwe kituo cha kwanza. Au upozwe ndani ya saa moja, ulale kwenye friji, na ubebwe kwenye kisanduku chenye barafu, uliwe siku inayofuata. Chapati, maandazi na viazi vya kuchemsha havina shida hizo. Mayai ya kuchemsha ni mazuri, lakini harufu yake na mtoto anayetapika havipatani.

Huyo mtoto mweke mahali anapoona mbele kupitia kioo, mnyime simu na kitabu gari likitembea, mpe chakula kidogo kikavu, na fungua dirisha. Dawa zenye hyoscine zipo za watoto, nyingine kuanzia miaka 3 na nyingine 4. Mwulize mfamasia, na umpe angalau nusu saa kabla ya kuondoka.

Tukiwatoa watoto shuleni wiki moja mapema, kweli tutatozwa? (Slough)

Ndiyo, England shule inaweza kupeleka jina lenu halmashauri. Tangu Agosti 2024 faini ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto mkilipa ndani ya siku 21, na 160 baada ya hapo. Wazazi wawili na watoto wawili ni 320, na mara nyingi nafuu ya tiketi haifiki hapo. Kuna njia halali: shule za Uskoti hufunga mwisho wa Juni na kufungua katikati ya Agosti. Nendeni nyanda za juu za Uskoti wiki mbili za mwisho za Agosti, watoto wa huko wakiwa darasani na wenu bado likizoni.

Gari likiharibika kwenye barabara za M na watoto wamo, tufanye nini? (Wawili wameuliza)

Jaribuni kufika njia ya kutokea inayofuata. Ikishindikana, ingieni kushoto kabisa, geuza magurudumu kushoto, washa taa za dharura. Wote mshuke kwa milango ya kushoto tu, mvuke kizuizi cha chuma, msimame ng'ambo yake, nyuma ya gari lenu, yaani upande magari yanakotokea. Gari likigongwa, litasukumwa mbele, mbali nanyi. Mtoto mdogo abebwe, asishikwe mkono. Msiweke pembetatu ya tahadhari kwenye barabara hizi. Kama hamwezi kutoka salama, bakini na mikanda na pigeni 999.

Mkipigia kampuni ya kuvuta magari, semeni kwanza idadi ya watu na umri wa watoto. Malori mengi ya kuvuta hayana viti vya familia kubwa, na msiposema litakuja moja, mkaanza kusubiri la pili.