Gunia na suruali: nani alimkopa nani?

SWALI: Mwenzangu anashikilia kwamba "gunia" limetoholewa kutoka "gunny" la Kiingereza, na kwamba "suruali" ni neno la Kiarabu tupu. Ni kweli? Na je, tuseme "suruali yangu" au "suruali langu"?

JIBU: Kwenye gunia, mwenzako amepotea njia. Waingereza hulitamka neno lao "gani". Lau tungelipokea kwao, leo tungekuwa na gani na magani. Irabu "u" inatupeleka India, ambako Kigujarati kina "guni" na Kihindi "goni", yote ya ukoo wa "goni" la Kisanskriti. Waingereza nao walilitoa hukohuko. Kwa hiyo hayo ni maneno ndugu, hakuna lililomzaa mwenzake. Kosa hili nalikuta mara nyingi mno: mtu akiona neno letu linafanana na la Kiingereza, basi hukata shauri kwamba sisi ndio tuliokopa.

Suruali tumeipata kwa Waarabu, hapo yuko sawa, ila "tupu" siyo. Chimbuko lake ni Kiajemi, "shalwar". Waarabu waliigeuza "sh" ikawa "s", wakapata "sirwal", na "s" hiyo ndiyo alama ya njia iliyopitiwa. Tazama Kirusi: wao husema "sharovary", kwa "sh", maana neno liliwafikia kupitia lugha za Kituruki. Sisi tukaivunja ile "rw" kwa kuongeza irabu, ulimi upate nafasi: su-ru-a-li.

Nguo na gunia, kwa kweli, zimekutana hata katika neno moja. "Sak" la Kiebrania ni gunia, na pia ni vazi la maombolezo. Ndiyo maana katika Yona sura ya 3 watu wa Ninawi wanavaa nguo za magunia. Neno hilo lilipita Kigiriki na Kilatini likaenea Ulaya, na leo Wajerumani huita koti la mwanamume "Sakko".

Kuhusu upatanisho: gunia limeingia ngeli ya LI-YA, sawa na shati. Gunia hili, magunia haya. Suruali imebaki I-ZI: suruali yangu imechanika, suruali zangu zimechanika. "Suruali langu" ni ukubwa. Litumie ukitaka kusema ni pana kupita kiasi, au ukiibeza. "Masuruali" vivyo hivyo.