Shokapu ya nyuma inavuja oili

Kaka hiyo shokapu ya nyuma ya pikipiki yako ya CG125 inayovuja, kwanza kabisa futa oili yote hadi ya kwenye tairi, tairi lenye oili linaua mtu kwenye kona, halafu zunguka hapohapo mtaani mdogomdogo ndo uangalie tena, ikilowa ujue sili, ile raba inayozuia oili isitoke, imekufa. Cheki na ile nondo ya kung'aa inayoingia na kutoka kwenye shokapu, ikishakuwa na vishimo vya kutu hata sili mpya itakatwa tu. Shokapu nyingi hazifunguliwi kutengenezwa, na kama ni ya gesi fundi asiitoboe wala kuichomelea, inaweza kulipuka aisee! Nunua mbili ubadilishe zote, moja mpya na moja kuukuu pikipiki itayumba. Na usipande nayo milima ya Kibosho na abiria kabla hujabadilisha.