Deni umelimaliza, ripoti bado inakusema

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema madeni yote matatu umeshalipa, la hospitali, la simu na lile la kadi ya mkopo, lakini ripoti yako ya mikopo bado inayaonyesha, na mnataka kuomba mkopo wa nyumba hapo Columbus. Unauliza kama unaweza kuwaandikia waliokuwa wakikudai wayafute, na uwaambie nini.

Kuandika unaweza. Kwanza ujue unaandika barua gani, maana ziko mbili na watu huzichanganya. Taarifa ikiwa na kosa, unadai haki yako, na sheria ya Marekani ya taarifa za mikopo, FCRA ya mwaka 1970, iko upande wako. Taarifa ikiwa ya kweli, unaomba hisani tu. Kulipa deni hakukupi haki ya kulifuta. Deni lililokwenda kwa wakusanya madeni, yaani kampuni zinazonunua au kufuatilia madeni ya wengine, linaruhusiwa kukaa kwenye ripoti miaka 7, na miaka hiyo huanza kuhesabiwa siku 180 baada ya ulipoanza kuchelewa. Siku uliyolipa haiongezi wala haipunguzi kitu. Ndiyo maana ukidai wamekosea wakati hawajakosea, watahakiki, watajibu kwamba taarifa ni sahihi, na utakuwa umeshawaudhi watu ambao kesho unataka wakuhurumie.

Kwa hiyo anza na ripoti zenyewe. Ingia AnnualCreditReport.com uchukue zote tatu, ya Equifax, ya Experian na ya TransUnion, kampuni zinazotunza taarifa za mikopo ya watu. Ni bure, na siku hizi unaweza kuzichukua kila wiki. Usiridhike na moja, kwa sababu si kila mdai hupeleka taarifa kwa kampuni zote tatu. Kwenye kila deni angalia salio, ambalo lazima liwe 0, kisha tarehe ya kwanza ya kuchelewa. Tarehe hiyo haisogei hata deni likiuzwa mara ngapi. Mkusanya madeni akiisogeza mbele ili likae muda mrefu zaidi, amevunja sheria. Angalia pia kama deni moja limeandikwa na wawili, mdai wa kwanza na aliyelinunua. Kuonekana mara mbili kunaruhusiwa. Wote wawili kuonyesha kwamba bado unadaiwa ni kosa.

La hospitali usiliombee hisani hata kidogo. Tangu Julai 2022 kampuni hizo tatu ziliamua zenyewe kuondoa madeni ya matibabu yaliyolipwa baada ya kufika kwa wakusanya madeni, na tangu Aprili 2023 yakaondolewa pia yale ya chini ya dola 500, yawe yamelipwa au la. Lako likiwa bado lipo, wapelekee pingamizi kampuni zinazolionyesha: maelezo mafupi, nakala ya risiti (halisi baki nayo), na ukurasa wa ripoti wenye deni hilo umelizungushia duara. Tuma kwa posta inayorudisha risiti yenye saini ya mpokeaji. Wana siku 30 za kuchunguza, wakati mwingine 45. Ile kanuni ya serikali ya Januari 2025, iliyotaka madeni yote ya matibabu yaondolewe, usiitaje. Mahakama ya Texas iliibatilisha Julai mwaka huohuo. Na kama bili ya hospitali uliilipa kwa kadi ya mkopo, kilichobaki kwenye kadi ni deni la kadi, unafuu huu hauligusi.

La simu, lililokwenda kwa mkusanya madeni, ndilo gumu. Mkusanya madeni hukubali kufuta kwa urahisi zaidi kabla hajalipwa, kwa makubaliano ya maandishi kwamba akipokea fedha ataliondoa. Sasa fedha anazo, umebaki na maneno mazuri. Hata hivyo jaribu. Matoleo mapya ya alama za mikopo, yaani namba ambayo wakopeshaji hukupimia, kama FICO 9 na VantageScore 3.0, hayahesabu deni la wakusanya madeni lililokwisha kulipwa, na kwa mwenye kutafuta kadi au gari pengine kuandika si lazima. Shida ni kwamba wakopeshaji wa nyumba wamezoea matoleo ya zamani, FICO 2, 4 na 5, na hayo huhesabu. Muulize afisa wa mikopo anatumia toleo gani kabla hujajichosha.

La kadi nalo lina mtego wake. Akaunti iko wazi na ina miaka ya malipo mazuri, ila ina alama mbili za kuchelewa. Usiombe akaunti ifutwe! Ikifutwa, historia yote nzuri inakwenda nayo. Omba alama hizo mbili tu ziondolewe, utaje mwezi na mwaka wa kila moja.

Barua ya hisani iwe ukurasa mmoja, kwa Kiingereza chepesi. Usiitume kwenye anwani ya kupokelea malipo. Pale bahasha hufunguliwa kutafuta hundi, barua yako itapotea. Tafuta anwani ya huduma kwa wateja au ya ofisi kuu. Andika jina, anwani, tarakimu 4 za mwisho za akaunti, tarehe na kiasi ulicholipa. Namba nzima ya SSN, yaani namba yako ya hifadhi ya jamii, usiiweke. Sababu ya kuchelewa iwe sentensi mbili, ya kweli na inayoweza kuthibitishwa: ulipunguzwa kazi, uliugua, ulihama na bili zikaenda anwani ya zamani. Eleza nini kimebadilika, kwa mfano malipo sasa yanakatwa yenyewe kila mwezi. Halafu omba waziwazi: waondoe alama hizo, na wapeleke marekebisho kwa kampuni zote wanazozipelekea taarifa zako. Kubali kwamba ulichelewa. Vitisho na vifungu vya sheria viache. Zile barua za "kifungu cha 609" cha FCRA zinazouzwa mtandaoni hazimlazimishi mtu kufuta deni la kweli.

Wengi watakujibu kwamba sheria inawataka waripoti kwa usahihi. Ni kweli, lakini haiwalazimishi kuripoti. Waeleze hilo mara moja kwa upole, usibishane. Wakikataa, subiri miezi michache uandike ofisi nyingine ya kampuni hiyohiyo, maana anayesoma barua akibadilika, jibu nalo huweza kubadilika. Usipeleke ombi la hisani kwa Equifax na wenzake. Wao hawana hisani ya kutoa.

Wakikubali, omba jibu kwa maandishi. Subiri siku 30 hadi 45, kisha chukua ripoti upya. Mkopo wa nyumba ukiwa umeshaanza, mkopeshaji anaweza kutumia barua hiyo kuomba alama zako za mikopo zihesabiwe upya kwa haraka. Wewe mwenyewe huwezi kuliomba hilo. Mapingamizi yamalize kabla ya kupeleka maombi, kwa sababu deni lenye alama ya pingamizi huweza kusimamisha mkopo mezani.

Na hao wanaojitangaza kwenye makundi ya WhatsApp kwamba "wanasafisha krediti" kwa malipo ya mbele, achana nao. Sheria inawakataza kupokea fedha kabla ya kumaliza kazi waliyoahidi. Akikuambia utumie namba mpya badala ya SSN yako, kata simu. Huo ni uhalifu, na atakayeshtakiwa ni wewe.

Rasimu ya barua ya kadi nitumie niisome kabla hujaituma, pamoja na ukurasa wa ripoti unaoonyesha miezi uliyochelewa.

Mama yako