Foliki asidi: miligramu 5 si za kila mtu

Dada, umeuliza kama unaweza kumeza zile foliki za 5 mg (vitamini ya kumkinga mtoto asizaliwe na mgongo wazi) alizobakiza shoga yako, kwa vile mnatafuta mtoto. Mimi nilizimeza hizohizo kwenye ujauzito wangu, lakini niliandikiwa kwa sababu.

Natumia karbamazepini ya kifafa, dawa inayoongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Wengine wanaoandikiwa 5 mg ni waliowahi kupata mtoto mwenye tatizo hilo, wenye kisukari na wenye selimundu. Kama wewe si mmoja wa hao, kiwango chako ni mikrogramu 400 kwa siku, yaani 0.4 mg. Kidonge kimoja cha shoga yako kinapita hapo zaidi ya mara 12!

Mdogo wangu alikuwa akimeza hizo ndogo wakati mmoja na mimi. Vidonge vyote njano, vidogo, ukivimwaga kiganjani huvitofautishi. Kilichotusaidia ni kusoma pakiti: mg au mcg? Miligramu 1 ni mikrogramu 1000. Na kama unatumia multivitamini ya wajawazito, mara nyingi foliki imo tayari, ijumlishe.

Anza sasa, usingoje kipimo kisome mistari miwili. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, na wengi wetu hapo hata hatujajijua. Angalau mwezi mmoja kabla, kisha uendelee hadi wiki ya 12.

Watasema ni vitamini tu, ikizidi unaikojoa. Si hivyo. Mwenye upungufu wa vitamini B12 akimeza foliki nyingi, damu inaweza kupanda vizuri kwenye kipimo huku neva zikizidi kuharibika, ganzi miguuni ikiendelea. Ndiyo maana mtu mzima hashauriwi kupita mikrogramu 1000 za vidonge kwa siku bila daktari. Asiyekula nyama, mayai wala maziwa, au anayetumia metformini (dawa ya kisukari) muda mrefu, aulizie B12 kwanza.

Foliki ya 5 mg pia hudhoofisha SP, ile ya kuzuia malaria kwa mjamzito, ya 0.4 haina shida hiyo. Mwenye kifafa asiache dawa zake kwa hofu, amwone daktari kabla ya kubeba mimba.

Za shoga yako mrudishie. Ukianza zako ukasahau siku moja, kesho yake meza kimoja tu, usifidie.